Masjala

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kaniletea fomu:
"Wakili, jaza hapa historia yako ya kazi,
mistari mitano tu, tuibandike mlangoni."

Nimeandika: Nyanzobe Kapela,
kesi za hospitali na zahanati, Tabora,
ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu.
Mistari minne imebaki mitupu.

Sikuanzia kwenye joho, kijana.
Nilianzia masjala,
chumba kisicho na dirisha
kati ya jiko la uji na stoo ya mashuka.
Wagonjwa walilala wodini,
majina yao yalilala kwangu.
Nilijua nani ana sukari, nani kafunga kizazi kwa siri,
nani katibiwa kwa kadi ya dada yake.
Nilijua, nikanyamaza.
Huo ulikuwa mtihani wangu wa kwanza wa sheria
na hakuna aliyeusahihisha.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipotoboa tumbaku
aliletwa mwanamke wa Sikonge, mimba ya kwanza,
juu ya tela la trekta.
Daktari aliitwa saa tatu usiku.
Aliingia saa tisa.
Muuguzi aliziandika saa zote mbili
kwa wino wa bluu, mwandiko umenyooka kama reli.

Asubuhi mganga mfawidhi alisimama mlangoni pangu,
hakuingia.
Alisema kwa upole: "Nyanzobe, faili hili lina panya."
Nikaelewa.
Nikalipeleka waliko panya.

Baada ya arobaini alikuja mume, Igembe,
kwa baiskeli, na chupa ya asali ya kunishukuru
kwa kazi ambayo sikuwa nimeifanya.
Hakudai fidia. Aliuliza tu:
"Ilikuwa saa ngapi?"
Nikamjibu: "Faili halionekani."

Halionekani.
Tazama lugha yetu ilivyo na huruma:
faili limepotea, damu imemwagika, mtoto amefariki,
na katika sentensi nzima
hamna mtu.

Nilisoma usiku, miaka tisa.
Sheria ya mikataba nilifeli mara mbili.
Watu husema niliitwa na haki;
mimi niliitwa na ile chupa.
Ipo kabatini hadi leo, asali imeganda,
sijapata kuifungua.

Siku hizi wenzangu wa upande wa pili wakisimama
kusema faili halionekani,
mimi huuliza neno moja: nani?
Kisha naomba ruhusa niende nikalitafute.
Juu ya friji ya chanjo. Chini ya mizani mbovu.
Ndani ya boksi la glovu.
Wananiita mchawi.
Si uchawi, ni mkono wangu:
unakumbuka ulivyowaza ulipokuwa unaficha.
Na mwezi uliopita nilimtetea muuguzi
aliyetaka kufukuzwa kwa kosa la kuandika saa.
Tulishinda. Nililia chooni.

Lile la Sikonge nililirudia, nikiwa na amri ya mahakama mfukoni.
Panya walikuwa waungwana kuliko mimi:
walitafuna pembe, saa wakaziacha.
Muda wa kushtaki ulishapita zamani.
Nililichukua hivyohivyo nakala yake hadi kwa Igembe,
amezeeka, ana mke mwingine, ana mizinga mingi.
Nikamsomea. Nikamwambia na aliyeficha ni nani.
Alihesabu kwa vidole, kutoka tatu hadi tisa.
"Sita," akasema.
Akakaa kimya, moshi wa mizinga ukipita kati yetu.
Halafu akauliza kama ile asali ilikuwa tamu.

Basi andika, kijana.
Uzoefu: masjala, miaka kumi na mmoja.
Mistari mingine iache wazi,
na hiyo gundi ongeza kidogo,
mlango huu haushiki karatasi.